Maswali ya Wasomaji: Chunusi, krimu za kuchanganya na dawa mnazoziacha mapema

Toleo lililopita niliwaomba vijana mniandikie mnachokijua kuhusu chunusi na mlichowahi kupaka au kumeza ili ziishe. Asanteni, mmeandika kweli kweli. Nimesoma zote na kuna kitu kimeniuma. Wengi wenu mlichoambiwa kuhusu zinakotoka chunusi sio kweli, na kwa sababu sio kweli mnaishia kumwaga hela kwenye vitu vinavyoharibu uso, alafu ile dawa yenyewe inayofanya kazi mkiipata mnaiacha kabla hata haijaanza kazi. Mimi ni mfamasia, nasimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa, nawaona mnavyokuja mmeinamisha uso mnauliza kwa sauti ya chini, kwa hiyo leo ukurasa wote ni wa chunusi. Majina nimeyatoa.

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni msichana wa miaka 16, niko form three Tanga. Uso wangu umejaa chunusi na puani nina vidoti vyeusi vingi. Mama anasema ni uchafu, eti sinawi vizuri. Sasa hivi naosha uso mara tano kwa siku na sabuni ya mche, nasugua na dodoki mpaka uso unawaka lakini zinazidi tu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hilo dodoki liondoe usoni leo hii hii, na sabuni ya mche irudi kwenye nguo. Wewe sio mchafu, na nakuomba hilo neno ulitoe kichwani kabla hatujafika kwenye dawa.

Chunusi inaanzia ndani ya ngozi. Kila kinyweleo cha usoni kina tezi ndogo ya mafuta pembeni yake, sasa ukifika umri wa kubalehe homoni zile zinazoitwa za kiume, ambazo hata sisi wanawake tunazo kwa kiasi chetu, zinaziamsha hizo tezi zinaanza kutoa mafuta mengi kuliko zamani, na wakati huo huo seli za ngozi zilizokufa ambazo zilitakiwa zidondoke zenyewe zinagandana mdomoni mwa tundu na tundu linaziba. Mafuta yanabaki huko ndani. Kuna bakteria anaitwa Cutibacterium acnes, huyu anaishi kwenye ngozi ya kila mtu, msafi na asiye msafi, na anapenda mahali penye mafuta pasipo na hewa, kwa hiyo humo ndani anazaliana, mwili unapambana naye, panavimba, panauma, panatunga usaha. Ndio chunusi hiyo. Mahali pengine penye tezi nyingi za mafuta ni kifuani, mgongoni na mabegani, ndio maana na huko zinatoka.

Na vile vidoti vyeusi vya puani sio vumbi. Ni ule ule mchanganyiko wa mafuta na seli uliokwama, tundu lake liko wazi, ukigusana na hewa unakuwa mweusi. Usugue mwaka mzima hautoki kwa dodoki, maana uko ndani.

Unapoosha mara tano na sabuni kali unaikausha ngozi na kuichubua, ngozi iliyochubuka inavimba zaidi, na kwa rangi zetu kila palipovimba panaacha doa jeusi. Osha asubuhi na usiku, na ukitoka michezoni umelowa jasho, basi. Tumia vidole vyako na sabuni laini isiyo na marashi mengi, jifute taratibu kwa taulo lako mwenyewe. Mama mwonyeshe ukurasa huu kwa heshima, hajakosea kukujali, ila hata yeye alivyokuwa msichana aliambiwa hivyo hivyo. Dawa nimeieleza kwenye swali la kijana wa Mwanza hapo chini, soma na lile.

SWALI: Mambo dada, mimi ni mvulana miaka 19 nasoma chuo Morogoro. Hosteli jamaa wananicheka wanasema chunusi zangu ni kwa sababu sina demu, eti nikianza kufanya mapenzi zitaisha zenyewe. Wengine wanasema ni punyeto. Naona aibu hata kuuliza mtu.

JIBU: Poa mdogo wangu, na umefanya vizuri kuuliza. Hapana kwa yote mawili. Kufanya mapenzi hakuondoi chunusi, kutofanya hakuleti chunusi, na punyeto nayo haihusiki. Watu wameunganisha hivi vitu kwa sababu vyote vinakuja umri mmoja, homoni zinazokuamshia hamu ndizo zinazoamsha na tezi za mafuta. Makadirio yanayotajwa sana na madaktari wa ngozi ni kwamba asilimia 85 hivi ya watu wa miaka 12 mpaka 24 wanapata chunusi kwa kiwango fulani, sasa hao wote utasema wanafanya nini? Kuna walioolewa wana watoto na chunusi wanazo. Nalisema hili kwa ukali kidogo kwa sababu nimepata meseji za wasichana watatu walioambiwa maneno haya haya na wanaume wanaowataka. Dada zangu, huyo anatafuta chake.

Nikiwa hapo hapo, wengi mmeandika kuhusu damu chafu. Hakuna damu chafu inayotokea usoni. Damu yako inasafishwa na figo na ini bila kulipwa, na zile chupa za dawa ya kusafisha damu zinazouzwa stendi na kwenye daladala nyingi zinakuharisha tu, unaona umekonda tumbo unasema imefanya kazi. Na mkojo wa asubuhi, walioniuliza ni wengi kuliko nilivyotegemea, hauna dawa ndani yake, msipake.

SWALI: Nimeacha chipsi, mayai, karanga, parachichi na chokoleti mwezi wa nne sasa, nakula kama mgonjwa, lakini chunusi ziko vile vile. Bado kipi niache? Msichana, miaka 20, Arusha.

JIBU: Rudisha parachichi lako, rudisha na mayai na karanga. Mafuta unayokula hayapandi moja kwa moja mpaka kwenye ngozi ya uso, tezi zinatengeneza mafuta yake zenyewe. Kilichoonekana kwenye utafiti kinahusu zaidi vyakula vinavyopandisha sukari ya damu kwa haraka, yaani soda, juisi za boksi, biskuti, mikate myeupe, maandazi kila asubuhi, na kwa baadhi ya watu maziwa. Hivyo vinaweza kuchochea homoni ambazo nazo zinachochea tezi. Ila ni mchango mdogo na haufanani kwa kila mtu. Wavulana mnaokwenda jimu, zile poda za protini zinazotengenezwa na maziwa zimewahi kuhusishwa na chunusi, kama zilianza kutoka ulipoanza poda jaribu kuisimamisha uangalie.

Punguza soda, kwa meno na kwa sukari pia inafaa. Lakini usijiadhibu kwa njaa kwa ajili ya chunusi, mpenzi, haiponi kwa njaa.

SWALI: Dada naomba unisaidie naandika nalia. Nina miaka 21, niko chuo Dar. Mwaka jana nilikuwa na chunusi za kawaida tu, rafiki yangu akanipeleka duka la vipodozi Kariakoo, dada wa pale akachukua tyubu tatu akaminya kwenye kikopo akakoroga na losheni akanipa. Siku ya nne tu chunusi zimekauka, uso mweupe laini kila mtu ananisifia. Nimetumia miezi saba. Sasa hivi nikiacha siku mbili uso unawaka moto, unawasha, unatoka vipele vidogo vidogo vinavyofanana uso mzima mpaka kidevuni, mashavu yamekuwa mekundu naona mpaka mishipa, na nimeanza kuota vinyweleo. Nikipaka tena vinatulia. Naogopa jua, naogopa watu.

JIBU: Pole sana mdogo wangu. Nimeisoma meseji yako mara nyingi, na nimeiweka hapa kwa urefu wake kwa sababu zinazofanana nayo ndizo zilizokuwa nyingi kuliko zote, Dar, Mwanza, Mombasa, Bujumbura, kote.

Kutokana na ulivyoeleza, ndani ya kile kikopo karibu hakika kulikuwa na stiroidi. Ni dawa za hospitali kabisa, betamethazoni na klobetasoli ndizo zinazochanganywa sana, na ni dawa nzuri zikitumika mahali pake, mfano pumu ya ngozi, kwa muda mfupi, kwa maelekezo. Kazi yake ni kuzima uvimbe. Ndio maana siku ya nne uliona kama umepona: uwekundu ulizimwa, mishipa midogo ya damu ikabana, ngozi ikapauka ukaona weupe. Chunusi yenyewe haijatibiwa, tundu bado limeziba, umezimiwa taa tu. Klobetasoli iko kwenye kundi la stiroidi zenye nguvu kuliko zote za kupaka na ngozi ya uso ni nyembamba, daktari wa ngozi hata akiiandika kwa sehemu nyingine ya mwili anakuonya uso usiuguse.

Ukiendelea miezi ngozi inazidi kuwa nyembamba, mishipa inaonekana, vinyweleo vinaota, na stiroidi yenyewe inaleta chunusi zake, vile vipele vidogo vinavyofanana ulivyovisema. Kisha mishipa inazoea kubanwa, ukiacha inafunguka yote kwa pamoja, ndio moto unaousikia. Unapaka tena unatulia, unafikiri krimu ndio inakusaidia kumbe ndio inayokushikilia. Kamba ya namna hiyo watu wanabaki nayo miaka.

Sasa cha kufanya. Usiende duka jingine la vipodozi kutafuta krimu ya kurekebisha, maana utauziwa stiroidi nyingine yenye jina jingine. Nenda kliniki ya ngozi na kikopo chako mkononi, usikitupe, na majina ya tyubu kama unayakumbuka. Muhimbili wana kliniki ya ngozi, hospitali nyingi za rufaa za mikoa wana daktari au ofisa wa ngozi, na kwa walioko kaskazini, hospitali ya KCMC Moshi kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992 kinachosomesha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika, kwa hiyo tusiseme wataalamu hatuna. Wao ndio wataamua uache yote kwa mara moja au ushuke polepole, inategemea nguvu ya ulichopaka na muda. Wiki za mwanzo zitakuwa mbaya, nakwambia ukweli ili usikimbilie kikopo katikati ya njia. Uso utawaka, utatoka vipele, kisha utatulia, kwa wengine ni wiki kwa wengine ni miezi. Kipindi hicho osha kwa maji na sabuni laini tu, paka kitu cha kawaida kisicho na marashi, kaa mbali na jua la mchana.

Na sio stiroidi peke yake. Kwenye mikorogo kunakuwa na haidrokwinoni, ambayo ukijipaka miaka bila usimamizi inaweza kukuachia weusi wa bluu bluu usioondoka, na kuna zebaki ambayo inapita kwenye ngozi inaingia mwilini inaharibu figo, na ukiwa mjamzito inamfikia na mtoto. Vipodozi vyenye vitu hivi vimepigwa marufuku Tanzania siku nyingi, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko TBS, yaani Shirika la Viwango. Marufuku ipo, kikopo kisicho na lebo nacho kipo, kwa sababu kinakorogwa palepale mbele yako na hakuna karatasi inayosema ndani kuna nini. Mimi nawaomba mshike hili moja: krimu yoyote inayoondoa chunusi kwa siku tatu nne na kukufanya mweupe, ikimbie. Hakuna dawa ya kweli ya chunusi inayofanya kazi haraka hivyo. Hakuna kabisa.

Na wewe mdogo wangu usijilaumu, ulikuwa unatafuta tiba kama mtu yeyote. Niandikie ukishaonana na daktari.

SWALI: Dokta mimi ni kijana wa Mwanza miaka 18. Nilienda hospitali nikaandikiwa jeli mbili, benzoili peroksaidi na adapalini. Nimepaka wiki mbili uso ukakauka ukabanduka na chunusi zikaongezeka, nikajua nimepewa dawa mbaya nikaacha. Sasa natumia dawa ya meno na limao nilivyoona TikTok.

JIBU: Kaka, ulikuwa na dawa sahihi kabisa mkononi, tena zile ambazo madaktari wa ngozi dunia nzima wanaanza nazo. Aliyekuuzia ndiye hakukueleza, na hilo ni kosa letu watu wa dawa, tunabandika karatasi ya mara mbili kwa siku tunamwita mwingine. Ngoja nikueleze mimi.

Adapalini ni ndugu wa vitamini A. Inazibua yale matundu na kuzuia mapya yasizibe, ndio maana haifanyi kazi kwa chunusi unayoiona leo tu, inafanya kazi kwa zile za mwezi ujao ambazo bado hazijajitokeza. Wiki za mwanzo zile zilizokuwa zimejificha chini zinaweza kupanda juu kwa pamoja, mtu anaona zimeongezeka. Na ngozi inakauka inabanduka mpaka izoee. Kwa hiyo anza usiku mmoja ndio usiku mmoja hapana. Osha uso, subiri ukauke kabisa, chukua kiasi cha punje moja ya njegere, hicho ndio cha uso mzima, usipake kwenye chunusi peke yake bali paka sehemu yote inayotoaga chunusi, kwepa macho, pembe za mdomo na pembe za pua. Ukisikia inakauka sana tanguliza losheni nyepesi kisha ndio dawa. Ikizoea panda iwe kila usiku.

Benzoili peroksaidi iwe asubuhi. Hii inaua wale bakteria na uzuri wake bakteria hawaizoei kama wanavyozoea antibayotiki. Zinauzwa za asilimia 2.5, 5 na 10, na watu wanakimbilia 10 wakidhani ndio kiboko, ila 2.5 inakaribiana nayo kwa kazi na haichomi kama hiyo. Tahadhari moja ambayo wamama watanishukuru, inapausha vitambaa, ukipaka ukajifuta kwa taulo la rangi au ukalalia shuka jipya linatoka mabaka meupe, tenga taulo na mto wa zamani.

Muda sasa. Wiki 8 mpaka 12. Ndio, miezi miwili mitatu, ndipo unapima kama imefanya kazi au la. Hapa ndipo vijana mnapojiangusha, wiki ya pili mnaacha mnahamia kitu kingine, wiki ya nne kingine, mwisho wa mwaka mmetumia vitu kumi na hakuna hata kimoja kilichopewa nafasi. Piga picha leo kwenye mwanga wa dirishani, piga nyingine baada ya mwezi pale pale, utaona usichokiona kwenye kioo kila asubuhi. Zikipungua usiache ghafla, adapalini inaendelea kutumika kuzizuia zisirudi. Wasichana, ukiwa mjamzito au unatafuta mtoto adapalini na ndugu yake tretinoini weka pembeni, mwambie mtoa dawa akubadilishie, asidi ya azelaiki, nayo dawa ya kupaka, inaruhusiwa na inasaidia na madoa.

Dawa ya meno inachoma ngozi. Limao ni baya zaidi, ukipaka ukatoka juani maji yake yanaweza kuiunguza ngozi kama maji ya moto na kuacha weusi wa muda mrefu. Acha vyote viwili, rudi kwenye jeli zako, kama hazijapita tarehe.

SWALI: Sista mimi huku Mombasa nikipata chunusi kubwa naenda kwa kemisti nanunua tembe mbili tatu za antibayotiki, zingine nafungua ile kapsuli ya rangi mbili napaka unga wake. Inasaidia kidogo kisha inarudi. Ni sawa? Miaka 22, msichana.

JIBU: Si sawa mpenzi. Unga wa kapsuli umetengenezwa upite tumboni, ukiupaka usoni unakuletea mzio na bure haupenyi hata kwenye tundu. Na tembe mbili tatu zinawafundisha bakteria kuishi na dawa, siku ukipata nimonia ya kweli utaitafuta dawa usiipate.

Antibayotiki kwa chunusi zipo, doksisaiklini ndio inayotumika sana, lakini ni kwa chunusi za wastani mpaka kali, kwa maelekezo, kila siku kwa kipindi ambacho kwa kawaida hakitakiwi kuzidi miezi mitatu hivi, na daima pamoja na benzoili peroksaidi ya kupaka, kamwe isiwe peke yake. Inamezwa na bilauri nzima ya maji umekaa wima, usiimeze ukalala hapo hapo itakuunguza kooni. Inafanya ngozi iungue na jua upesi, na jua la Pwani unalijua. Mjamzito haimezi. Klindamaisini, antibayotiki ya kupaka, nayo hivyo hivyo, isitumike pekee.

Alafu kama vipele vyako vinawasha sana, vidogo, vyote saizi moja, viko paji la uso na kifuani na vinazidi wakati wa joto na jasho, inawezekana wala sio chunusi, ni fangasi wa kwenye vinyweleo. Huyo antibayotiki inampa nguvu. Mwambie daktari aangalie hilo kabla hujameza chochote. Na unapaka mafuta gani kichwani? Mafuta mazito ya nywele yakiteremka kwenye paji la uso yanaziba matundu, wasukaji wanayapaka mengi sana, mwambie wako ayaweke kwenye nywele ayaepushe na ukingo wa uso.

SWALI: Naishi Unguja, chunusi zimepungua ila madoa meusi ndio yananitesa. Bibi ananisinga manjano na liwa. Niendelee?

JIBU: Manjano na liwa ya bibi havina ubaya kama anapaka taratibu na anaosha, tatizo ni ile kusugua kwa nguvu, ngozi yenye chunusi haitaki kusuguliwa, kila mkwaruzo ni doa jipya. Muombe bibi apake asisugue. Madoa haya yanaitwa madoa lakini sio kovu, ni rangi ya ngozi iliyozalishwa kwa wingi pale palipovimba, na yanafifia yenyewe kwa miezi kadhaa kama hutumbui na kama unajikinga na jua. Losheni ya kukinga jua yenye SPF 30 au zaidi, asubuhi, hata sisi weusi tunaihitaji kwa hili, jua ndio linaloyashikilia madoa. Mtandio na kofia pana vinasaidia pia. Adapalini na asidi ya azelaiki zinayafifisha madoa huku zinazuia chunusi mpya.

SWALI: Bro wako dereva boda Dodoma, 24. Mimi vipele vinatoka kidevuni na kisogoni kila nikitoka saluni kunyoa. Ni chunusi?

JIBU: Hapana kaka, hivyo ni vya kunyoa. Nywele zetu zimejikunja, ukikata chini kabisa ncha yake inarudi inachoma ngozi, panavimba. Mwambie kinyozi aache nywele kidogo asikwangue mpaka ngozini, mashine isipite mara kumi mahali pale pale, na usivichokonoe. Vya kisogoni visipotibiwa mapema vinaweza kugeuka kovu gumu lililoinuka, kwa hiyo vikianza kuwa vigumu usisubiri, nenda hospitali. Spiriti ile kali ya saluni inachoma tu.

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miaka 15, ana machunusi makubwa magumu yanauma, usoni na mgongo mzima, yakipona yanaacha mashimo. Nimenunua kila kitu. Baba yake anasema ni ujana yataisha. Sasa mtoto hataki kwenda shule, anashinda chumbani, hapigi picha. Niko Kahama.

JIBU: Mama, mheshimu baba yake ila kwa hili msimsubirie ujana upite. Chunusi ndogo ndogo zinaweza kuvumiliwa, hizi ulizoeleza ni kali, na kila wiki inayopita ni shimo jingine ambalo halitafutika. Hizi hazitibiki kwa vitu vya dukani, mpeleke hospitali ya rufaa aonwe na mtu wa ngozi. Wanaweza kuanza na doksisaiklini pamoja na za kupaka, na zikishindwa, au wakiona kovu zinakuja haraka, ipo dawa ya kumeza inaitwa isotretinoini, inatumika tangu 1982, inapunguza kabisa mafuta kwenye tezi na wengi wanapona moja kwa moja baada ya miezi mitano sita hivi. Midomo inakauka sana, damu inapimwa kuangalia ini na mafuta, hisia zake nazo zinafuatiliwa, na kwa wasichana haigusi bila uhakika kwamba hakuna ujauzito na hautaingia mpaka mwezi mmoja baada ya kumaliza, kwa sababu inaharibu sana mimba. Ndio maana haiuzwi kiholela na mtu asiagize mtandaoni.

Mweleze daktari dawa nyingine zozote anazotumia mtoto, za kifafa na za TB mfano, baadhi zinaleta vipele vya namna hii.

Na hili la kujifungia ni sehemu ya ugonjwa, sio kiburi. Nyumbani mtu asimwite jina la uso wake hata kwa utani, wadogo zake wala mjomba. Asiambiwe acha kujiangalia kioo. Kaa naye umwambie unaona anavyoumia na mnakwenda hospitali pamoja, na ukimsikia anasema hataki kuishi au anajiumiza usingoje miadi ya ngozi, mpeleke siku hiyo hiyo. Siku ya kliniki abebe kila tyubu na kila kikopo alichowahi kupaka, hata vilivyoisha, na umuache aingie amweleze daktari mwenyewe, wewe ongezea tu.